Kesi ya Kapenguria: Namna ya kupima ushahidi kabla ya kusema ilikuwa ya haki au la

Swali: Ninafundisha historia sekondari. Darasa langu limegawanyika kuhusu kesi ya Kapenguria ya 1952 na 1953, ambapo serikali ya kikoloni ya Kenya iliwashtaki Jomo Kenyatta na wenzake watano kwa kuongoza Mau Mau. Wengine wanasema ilikuwa maigizo ya wakoloni tangu mwanzo, wengine wanasema mahakama ilikaa, mawakili wakazungumza, rufaa zikasikilizwa, sasa uonevu uko wapi? Nami nimesoma vitabu viwili vinavyopingana. Nitapimaje ushahidi wa kesi ya zamani namna hii bila kufuata ushabiki?

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako wanabishana juu ya maswali mawili kwa pamoja, ndiyo maana hawafiki popote. Swali moja ni kama Jomo Kenyatta aliongoza Mau Mau, harakati ya siri ya kiapo iliyopigana na ukoloni. Lingine ni kama mahakama ilimtendea haki. Hayo hayategemeani. Mwenye hatia anaweza kufungwa na kesi ya uonevu, na asiye na hatia anaweza kutiwa hatiani na mahakama iliyofuata kila utaratibu. Kapenguria ina mifano ndani yake yenyewe. Washtakiwa walikuwa sita: Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng Oneko. Kaggia na Kubai walikuja kusimulia wenyewe, baada ya uhuru, jinsi walivyoshiriki kuandaa harakati za kiapo. Masimulizi hayo yanasaidia swali la kwanza. Kwa swali la pili hayana uzito wowote, kwa sababu hakimu hakuwa nayo mezani. Kesi hupimwa kwa kile kilichokuwa mbele ya mahakama, na kwa kile kilichofichwa isikione.

Kabla ya kugusa ushahidi, chagua kipimo na ukiandike. Usiipime mahakama ya 1952 kwa katiba ya Kenya ya 2010. Mtu yeyote atakujibu kwamba unawadai watu wa zamani sheria ya leo, na atakuwa sahihi. Tumia kanuni ambazo mahakama hiyo ilidai kuzifuata. Sheria ya Kiingereza, iliyoongoza mahakama za koloni, ilikwisha kuweka tangu 1924 kwamba haki haitoshi kutendeka, ni lazima pia ionekane ikitendeka. Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 10, linataja mahakama huru isiyopendelea. Halikuwa sheria ya kufunga mikono, lakini linaonyesha fikra hiyo ilikuwepo. Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu ni habari nyingine. Uingereza iliupeleka Kenya Oktoba 1953, miezi sita baada ya hukumu. Ukiutumia kumpima hakimu wa Kapenguria utakuwa umekosea tarehe, na kosa dogo kama hilo huwapa wapinzani wako sababu ya kutupa hoja zako zote.

Kutoka kwenye kanuni hizo yatoke maswali manne tu. Je, mwamuzi alikuwa huru? Je, washtakiwa walipata nafasi ya kweli ya kujitetea? Je, ushahidi wa pande zote ulipimwa kwa mizani moja? Je, rufaa zilikuwa na uwezo wa kurekebisha kosa? Kila karatasi utakayosoma, jiulize inajibu swali lipi kati ya haya. Isiyojibu lolote iweke pembeni, hata kama inasisimua.

Kisha chora jedwali la tarehe lenye safu tatu: yaliyotokea kortini, yaliyotokea nje ya korti, na nani alijua nini wakati huo. Safu ya tatu watu wengi huisahau, na ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote. Anza na Agosti 1950, Mau Mau ilipopigwa marufuku. Tarehe 24 Agosti 1952 Kenyatta alihutubia umati Kiambu na kuilaani Mau Mau hadharani. Oktoba 1952 Chifu Waruhiu, aliyekuwa upande wa serikali, aliuawa. Tarehe 20 mwezi huo Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari na usiku huohuo ukamatwaji ukaanza. Usikilizaji ulianza mapema Desemba 1952. Januari 1953 familia ya mlowezi iliuawa na walowezi wakaandamana hadi makao ya gavana Nairobi. Usiku wa 26 Machi 1953 yakatokea mauaji ya Lari, Mau Mau waliposhambulia familia za waliounga mkono serikali. Hukumu iliyowatia hatiani wote sita ilitolewa 8 Aprili 1953, wiki mbili tu baada ya Lari.

Jedwali hilo linakuonyesha shinikizo lililokuwepo, lakini kuwa mwangalifu: shinikizo si uthibitisho kwamba hakimu alipinda. Magazeti ya walowezi ya miezi hiyo yana maneno makali sana kuhusu Kenyatta. Ni ushahidi mzuri wa hali ya hewa ya kisiasa, na ni ushahidi dhaifu sana wa kilichokuwa kichwani mwa hakimu.

Hatua inayofuata ni kuivunja hati ya mashtaka vipandevipande. Shtaka kuu lilikuwa kusimamia chama haramu. Ili mtu apatikane na hatia hapo, lazima ithibitishwe kwamba chama kipo, kwamba ni haramu kwa wakati unaotajwa, na kwamba mshtakiwa alikiongoza au alisaidia kukiongoza. Andika kila kipengele upande wa kushoto, kisha upande wa kulia andika ushahidi uliotolewa kukithibitisha. Utaona jambo mapema. Mwendesha mashtaka, Anthony Somerhough, alikiri katika hotuba yake ya ufunguzi kwamba Mau Mau haikuwa na kumbukumbu zilizoandikwa wala orodha rasmi ya wanachama. Chama kisichoacha karatasi huwezi kuthibitisha uongozi wake kwa karatasi. Uzito wote ukaangukia vinywa vya mashahidi, na hapo ndipo unapopaswa kutumia muda wako mwingi.

Shahidi mzito dhidi ya Kenyatta alikuwa Rawson Macharia. Alisema kwamba Machi 1950 alimwona Kenyatta akiendesha kiapo cha Mau Mau mahali paitwapo Kiamwange. Rudi kwenye jedwali lako: Machi 1950 ni miezi mitano kabla ya marufuku. Upande wa utetezi uliikamata hoja hiyo. Hapa watu hukimbilia kusema kwamba ushahidi ulikuwa batili moja kwa moja. Taratibu. Tendo la kabla ya marufuku linaweza kutumiwa kama dalili ya uhusiano wa mtu na chama, hata kama tendo lenyewe halikuwa kosa. Unachopaswa kuuliza ni hiki: je, hukumu iliutumia ushahidi huo kama dalili ya pembeni, au kama nguzo? Soma hukumu yenyewe, usisome maelezo ya mtu mwingine kuhusu hukumu. Utakuta hakimu, Ransley Thacker, anaeleza waziwazi kwamba kumwamini Macharia kunamaanisha kutowaamini mashahidi kumi wa utetezi, na kwamba hasiti kufanya hivyo kwa kuwa Macharia alitoa ushahidi wake vizuri.

Sentensi hiyo ya hakimu ni ushahidi wa daraja la juu kabisa, kwa sababu imetoka kwa mwenye uamuzi, imeandikwa siku ya uamuzi, na wala hakuwa na sababu ya kujisingizia. Sasa ipime. Idadi peke yake haiamui kesi. Shahidi mmoja mkweli huwashinda waongo kumi, na hakimu ana haki ya kumwangalia shahidi anavyosimama na kujibu. Kosa linaanza pale ambapo mwonekano wa shahidi unachukua nafasi ya uthibitisho wa ziada. Tafuta ndani ya hukumu: je, hakimu alieleza kwa nini kila mmoja wa wale kumi alidanganya? Je, alitafuta kitu huru, nje ya kinywa cha Macharia, kinachounga mkono tukio la Kiamwange? Fanya hivyo pia kwa hotuba ya Kiambu. Mashtaka yaliisoma kama laana isiyotoka moyoni, utetezi ukaisoma kama laana ya kweli. Mtu akilaani anashukiwa, asipolaani anashtakiwa. Ukiona ushahidi umesomwa kwa namna ambayo mshtakiwa hawezi kushinda kwa lolote alilofanya, andika alama nyekundu pembeni.

Sehemu ngumu zaidi inakuja mwaka 1958. Macharia aliapa hati ya kiapo akisema ushahidi wake wa Kapenguria ulikuwa wa uongo na kwamba alilipwa kwa ahadi. Vitabu vingi hukomea hapo na kutangaza ushindi. Usikomee hapo. Mtu aliyekiri kwamba alidanganya akiwa ameapa amejiharibia jina mara mbili: hujui alidanganya lini. Zaidi ya hapo, mwaka 1958 upepo wa siasa ulikuwa umegeuka, na mtu aliyemshuhudia Kenyatta vibaya alikuwa na kila sababu ya kutaka kujisafisha mbele ya jirani zake. Mwaka 1959 serikali ilimshtaki kwa kuapa uongo katika hati hiyo ya 1958, akapatikana na hatia na kufungwa. Nayo hukumu hiyo usiimeze nzima: ilitolewa na mahakama za serikali ileile iliyokuwa na maslahi makubwa ya kuilinda hukumu ya 1953.

Sasa una maneno ya Macharia ya 1953, maneno ya Macharia ya 1958, na hukumu ya 1959, na kila kimoja kina doa. Njia ya kutoka kwenye mkwamo kama huu ni kutafuta kitu ambacho hakitegemei ukweli wa Macharia hata kidogo. Kipo. Ni barua ya serikali ya Novemba 1952, ya kabla ya usikilizaji kuanza, iliyomwahidi safari ya Uingereza, masomo ya utawala wa serikali za mitaa, matunzo ya familia yake wakati hayupo, na kazi serikalini atakaporudi. Kwenye kesi ya 1959 upande wa serikali haukukana kwamba ahadi zilitolewa. Ulisema zilikuwa za kumlinda shahidi ambaye maisha yake yalikuwa hatarini. Maelezo hayo si ya kipuuzi. Watu waliotoa ushahidi dhidi ya Mau Mau waliuawa kweli.

Lakini angalia ahadi zenyewe kipengele kwa kipengele. Nyumba ya siri, walinzi, kuhamishwa wilaya: huo ni ulinzi. Masomo ya chuo na ajira ya baadaye ni kitu kingine. Na hata ukikubali kwamba nia ilikuwa njema kabisa, swali la haki linabaki palepale: mawakili wa utetezi hawakujua. Hawakuweza kumuuliza Macharia, akiwa kizimbani, ameahidiwa nini. Wajibu wa mashtaka kukabidhi nyaraka wakati ule haukuwa mpana kama wa siku hizi, hivyo usiandike kwamba serikali ilivunja kifungu fulani. Andika jambo unaloweza kulisimamia: kwamba hakimu alipima ukweli wa shahidi huku kitu muhimu zaidi kuhusu maslahi ya shahidi huyo hakijawekwa wazi mahakamani. Kuna pia barua ya Gavana Baring kwa Waziri wa Makoloni ya Novemba 1952, inayosema juhudi zote zimefanywa kuwapa mashahidi zawadi na kuwalinda. Imeandikwa na mkuu wa serikali, kwa siri, kwa bosi wake, wakati wa tukio. Barua ya namna hiyo ina nguvu kuliko kumbukumbu yoyote ya mzee iliyosimuliwa miaka 30 baadaye.

Kwa upande wa hakimu, fuata njia hiyohiyo. Thacker alikuwa jaji mstaafu aliyerudishwa kazini kama hakimu kwa ajili ya kesi hii, na alikaa peke yake, bila baraza la washauri, akiwa mwamuzi wa sheria na wa ukweli. Watafiti waliosoma karatasi za serikali ya Uingereza wameonyesha kwamba alilipwa pauni 20,000 kutoka fedha za Hali ya Hatari. Madai ya malipo ya namna hii lazima uyapeleke kwenye mizani kali: nani aliidhinisha, lini, kwa maelezo gani, na je, yalikubaliwa kabla ya hukumu au baada? Utetezi unaowezekana ni kwamba mtu huyu asingeweza tena kuishi Kenya kwa usalama, hivyo alifidiwa. Na ni kweli aliondoka nchini mara baada ya hukumu. Hata hivyo kipimo chetu ni uhuru unaoonekana. Huhitaji kuthibitisha kwamba fedha zilinunua hukumu. Inatosha kuthibitisha kwamba mwamuzi alipokea kitita kisicho cha kawaida kutoka kwa upande wenye maslahi, kwa siri, na kwamba washtakiwa wangelijua hilo wangekuwa na haki ya kumkataa.

Mahali pa kesi patachukua muda mfupi. Kapenguria ilikuwa eneo lililofungwa, la kuingia kwa kibali, mamia ya kilomita kutoka Nairobi, bila maktaba ya sheria wala malazi. Mawakili walilala Kitale na kusafiri kila siku. Washtakiwa waliachiwa na kukamatwa upya hapohapo Kapenguria ili mahakama ya pale ipate mamlaka juu yao. Hili ni jambo la utaratibu lililoandikwa, halihitaji shahidi. Mkalimani wa mwanzo alikuwa Louis Leakey, ambaye alikwisha kuandika dhidi ya Mau Mau. Utetezi ulilalamika, naye akaacha kazi hiyo kesi ikiendelea.

Sasa kazi ambayo wanafunzi wa upande wa kwanza hawataipenda: kusanya kwa bidii ileile kila kinachoonyesha kwamba kesi ilikuwa ya haki. Kipo, na si kidogo. Utetezi uliongozwa na D. N. Pritt, wakili mkubwa wa Uingereza, akisaidiwa na mawakili kutoka Jamaika, Nigeria, India na Kenya yenyewe. Waliwahoji mashahidi kwa siku nyingi bila kufungwa mdomo. Waandishi wa habari walikuwepo. Pritt aliposhtakiwa kwa kuidharau mahakama kwa sababu ya simu ya maandishi aliyotuma London, aliachiwa. Katikati ya 1953 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba Thacker hakuwa na mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo, kwa kuwa uteuzi wake haukuhusu mkoa ambamo Kapenguria ilikuwa. Januari 1954 mahakama hiyohiyo ilimfutia hatia Achieng Oneko.

Mambo hayo yanafuta neno "maigizo" kwa maana ya kesi ambayo kila kitu kilipangwa hadi sentensi ya mwisho. Hata hivyo yafuatilie hadi mwisho wake. Uamuzi kuhusu mamlaka ya Thacker ulipinduliwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki. Oneko alishinda rufaa akaendelea kuzuiliwa chini ya kanuni za Hali ya Hatari. Chombo cha mwisho cha rufaa huko London kilikataa kuisikiliza kesi mwaka 1954. Usilichukulie hilo kama muhuri wa kwamba kesi ilikuwa safi, kwa maana kukataa kusikiliza si kuamua. Na hakuna mahakama yoyote ya rufaa iliyojua kuhusu barua ya Macharia au malipo ya hakimu. Rufaa hurekebisha kosa linaloonekana kwenye kumbukumbu. Kosa lililofichwa nje ya kumbukumbu linazipita zote.

Kuhusu karatasi zenyewe. Nyaraka za Kenya ziko Nairobi kwenye Nyaraka za Taifa, na za Wizara ya Makoloni ziko kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, hasa mfululizo wa CO 822. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kushikilia Hanslope Park, kituo chake chenye ulinzi mkali, mafaili yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37 ya zamani, yakiwemo ya Kenya. Sasa yamo kwenye mfululizo wa FCO 141. Kumbuka pia kwamba mwaka 1961 Waziri wa Makoloni aliagiza nyaraka zinazoweza kuiaibisha serikali zisikabidhiwe kwa nchi zinazopata uhuru, na nyingi zilichomwa. Kwa hiyo ukikosa karatasi fulani, usihitimishe kwamba haikuwahi kuandikwa, na usihitimishe kwamba ilichomwa kwa sababu ilikuwa na siri. Pengo ni pengo. Andika umetafuta wapi, ukakosa nini.

Mwenendo wa kesi ulichapishwa London mwaka 1955 kwa kufupishwa. Unafaa darasani, lakini mtu aliyefupisha ndiye aliyechagua maswali yapi ya mawakili yabaki. Unaponukuu majibizano muhimu, yalinganishe na rekodi kamili. Kwa kila nyaraka andika namba ya faili, tarehe ya kuandikwa, nani aliiandika, kwa nani, na alikuwa na faida gani. Barua ya siri ya afisa inayokiri jambo linalomdhuru mwenyewe ipe uzito mkubwa. Taarifa yake kwa vyombo vya habari ipe mdogo. Kumbukumbu za wahusika wa pande zote mbili zilizoandikwa baada ya 1963 zitumie kwa rangi na hisia, na kwa ukweli pale tu zinapokubaliana na karatasi za wakati ule.

Ukifuata njia hii, hukumu yako usiiandike kwa neno moja. Uhuru wa mwamuzi: umekosekana, na ushahidi ni nyaraka. Nafasi ya kujitetea: ilikuwepo kwa umbo, ikapunguzwa na mahali pa kesi, na ikapigwa vibaya na kufichwa kwa ahadi za shahidi. Mizani ya ushahidi: imepinda, kwa maneno ya hukumu yenyewe. Rufaa: zilifanya kazi kwa kiasi, bila kuona yaliyo muhimu. Mimi kwa vigezo hivyo nasema kesi haikuwa ya haki, na nasema hivyo bila kumhitaji Macharia awe mkweli wala Kenyatta awe malaika.

Waambie wanafunzi wa upande wa pili nini kingenibadilisha mawazo, wakakitafute: karatasi ya 1952 au 1953 inayoonyesha kwamba Pritt na wenzake walizijua ahadi za Macharia kabla ya kumhoji wakaamua kutomuuliza, au idhini ya malipo ya Thacker iliyowekwa wazi kwa pande zote mbili. Wakileta ya kwanza, jibu langu kuhusu nafasi ya kujitetea litaandikwa upya. Wakileta ya pili, la uhuru wa mwamuzi nalo litaandikwa upya.